Amplifaya ya Gitaa ya Bei Nafuu: Ipimwe kwa Usafi wa Sauti

Muuzaji wa vyombo vya muziki, awe Kariakoo au Luthuli Avenue, ana njia yake ya kuonyesha amplifaya ya bei ya chini. Anachomeka gitaa, anafungua geini mpaka mwisho, anapiga kodi moja nzito na duka zima linanguruma. Mteja anatabasamu, bei inatajwa. Jaribio hilo halina hila, ila linajibu swali la mtu mwingine. Linaonyesha jinsi chombo kinavyokwaruza, na kukwaruza ni kazi isiyoishinda amplifaya yoyote. Anayekwenda kushika solo katika bendi ya dansi, kupiga benga, au kukaa na gitaa nyuma ya waimbaji wa taarab anahitaji kujua kinyume chake: chombo hiki kitabaki safi mpaka sauti ya kiasi gani, ngoma na besi zikishaingia? Kwa sehemu kubwa ya muziki unaopigwa Afrika Mashariki na Kongo, kipimo hicho kimoja kinatosha kutenganisha amplifaya nzuri na mbaya, na mnunuzi akikishikilia, pesa kidogo zitamfikisha mbali kuliko anavyodhani.

Sababu imo ndani ya muziki wenyewe. Gitaa la rumba, tangu enzi za Franco na Dokta Nico, limesimama juu ya noti mbili zinazopigwa pamoja: do na mi, au mi na do ya juu yake, zikiongozana kama waimbaji wawili. Sauti ikianza kukwaruza, amplifaya huzaa noti ambazo hakuna aliyezipiga, na mojawapo hutokana na tofauti ya mitetemo ya zile mbili. Tuchukue do iwe noti ya A inayotetema mara 220 kwa sekunde. So yake hutetema takriban mara 329.6, na tofauti ni 109.6, yaani karibu kabisa na A ileile okta moja chini. Ndiyo maana wapiga roki hupenda do na so tupu: mkwaruzo unazinenepesha bila kuziharibu. Mi yake, kwa gitaa lililotyuniwa kama kawaida, hutetema mara 277.2. Ukitoa 220 unabaki na 57.2, ilhali A ya chini huko ni 55. Noti hiyo ya ziada si A wala si nusu noti iliyo juu yake; inaelea katikati, na sikio huipokea kama uchafu. Mpigaji hodari wa rumba akichomeka kwenye chombo kinachokwaruza mapema atasikika kana kwamba hajatyuni gitaa, na kosa halitakuwa la vidole vyake.

Kwa hiyo kinachonunuliwa hasa ni nafasi, ule umbali kati ya sauti anayoihitaji mpigaji na pale chombo kinapoanza kupasuka. Madukani nafasi hiyo huuzwa kwa jina la wati, na hapo pesa nyingi hupotea. Sikio halihesabu wati moja moja. Kutoka wati 10 hadi 100, mengine yote yakiwa sawa, sauti hupanda kwa desibeli 10, na watu wengi huisikia kama imeongezeka maradufu tu. Kutoka 50 hadi 100 ni desibeli 3, tofauti ndogo mno kulipiwa bei mara mbili. Hapo tunazungumzia wati za kweli, zinazoandikwa RMS; zile namba za kutisha zenye herufi PMPO hazina kanuni moja inayokubalika, na mnunuzi azipite bila kuzisoma. Spika ndiyo isiyotajwa, ingawa ndiyo inayoamua. Spika mbili za ukubwa mmoja zinaweza kupishana kwa desibeli 3 zikipewa umeme uleule, maana yake spika bora peke yake inaweza kufanya kazi ya kuongeza wati maradufu. Celestion Vintage 30, inayopendwa sana na watengenezaji, hutoa desibeli 100 kwa wati moja katika umbali wa mita moja, na spika nyingi za bei rahisi hazifiki hapo. Spika ya inchi 8 ndani ya kisanduku chembamba husukuma hewa kidogo na kuzibana noti za chini hata kama umeme ulio nyuma yake haujaisha. Fender Champion 20 ina spika ya inchi 8 na Champion 40 ina ya inchi 12, na tofauti ya hizo mbili mbele ya ngoma haielezwi na wati 20 zilizoongezeka. Mtu akiwekewa mbele yake chombo cha wati 100 chenye inchi 8 na cha wati 40 chenye inchi 12, achukue cha pili.

Watetezi wa valvu watapinga, na wana haki ya kusikilizwa. Twin Reverb ya Fender, iliyotoka 1963 ikiwa na valvu, wati 85 na spika mbili za inchi 12, bado ni kipimo cha sauti safi duniani. Lakini usafi wake unatokana na ukubwa wake: transfoma nzito na spika mbili pana, ndani ya sanduku la karibu kilo 29. Anayesema “valvu ni bora” akiwa na bajeti ndogo hapati Twin; anapata chombo cha wati 5 chenye transfoma ndogo, ambacho hupasuka mapema kwa sababu hiyohiyo. Upande wa pili, mwaka 1975 Roland walitoa JC-120, ya transista tupu, wati 120, spika mbili za inchi 12 na korasi ndani yake, na usafi wake ukawa sifa yake kuu. Chombo hicho kinatosha kuonyesha kwamba sauti safi haihitaji valvu. Lawama kwamba transista ina sauti ya baridi na ukali ina ukweli, ila ukweli wake unaanza pale transista inaposukumwa kupita mwisho wake, ambapo hukata wimbi ghafla badala ya kulilainisha. Aliyenunua nafasi ya kutosha hafiki huko. Na hapo hatujataja gharama ya valvu mpya, wala umeme wa zaidi ya volti 400 ambao kapasita za valvu kubwa huweza kuuhifadhi hata baada ya kuchomolewa ukutani, jambo ambalo fundi wa redio asiyelizoea anaweza kulilipia kwa maisha yake.

Mitindo hutofautiana, na hapa kipimo kinageuka kidogo kufuata kila mmoja. Benga, ambayo gitaa lake limefuata mwendo wa nyatiti yenye nyuzi nane, ni noti moja moja za kasi, kila moja ikianza kwa ncha kali. Baadhi ya amplifaya za valvu, hasa zile ambazo hata kirekebisha umeme chake ni valvu, hulegea kidogo uzi unapopigwa na kujaa tena baadaye. Mpiga bluzi huupenda ulegevu huo; kwa anayemfuata D. O. Misiani wa Shirati Jazz unameza mwanzo wa noti, na mwanzo wa noti ndio benga yenyewe. Huyu achukue transista bila kujisikia mnyonge, na kwa kuwa noti zake nyingi ziko juu, spika ya inchi 10 inaweza kumtosha. Katika dansi, wengi hudhani mpiga solo ndiye mwenye haki ya chombo kikubwa. Ni mpiga rithimu anayehitaji nafasi zaidi, kwa sababu anapiga nyuzi nyingi kwa pamoja na umeme unaofika kwenye amplifaya ni mwingi. Chemko, ile sehemu ya wimbo ya kuchangamka, likishika kasi yeye ndiye wa kwanza kupasuka, na sauti ya bendi nzima inachafuka bila mtu kujua imetoka wapi. Taarab ina hesabu yake. Kati ya fidla, akodiani na sauti ya mwimbaji, gitaa hupenya kwenye mianya, kwa sauti ya chini, na kinachosikika mwimbaji anapovuta pumzi ni mvumo wa amplifaya. Hapo ukimya wa chombo una thamani kuliko nguvu zake. Wapiga roki na bluzi waende kinyume kabisa: wao wanatafuta mpasuko, na waupate kwenye sauti ambayo jirani ataivumilia, hivyo chombo kidogo cha valvu ndicho chao. Mpiga besi asijaribu chochote kati ya hivi. Uzi wake wa chini kabisa hutetema mara 41 kwa sekunde, nusu ya uzi wa chini wa gitaa, na spika ya gitaa haikutengenezwa kwa safari ndefu hiyo ya mbele na nyuma.

Siku hizi kuna jibu linaloonekana kumaliza mjadala wote: amplifaya za kidijitali zinazoiga nyingine. Boss Katana 50, ya wati 50 na spika ya inchi 12, inaweza kusikika kama vyombo kadhaa na kushushwa hadi nusu wati kwa mazoezi ya chumbani. Hakuna haja ya kuzibeza. Kwa anayepiga kanisani asubuhi na klabu usiku ni chaguo lenye akili. Tahadhari ni moja. Milio mingi huficha spika dhaifu, kwa kuwa mwangwi na korasi hufunika kasoro kama viungo vinavyofunika nyama iliyolala. Mnunuzi azime vyote, aende kwenye mlio mkavu kabisa, na ahukumu hapo. Chombo kisichopendeza kikiwa kikavu hakitapendeza jukwaani, ambako mwangwi wa ukumbi wenyewe huongezwa juu ya ule wa kiwandani.

Pingamizi lililo zito zaidi linatoka kwa mafundi mitambo: kwa nini ununue amplifaya wakati gitaa linaweza kwenda moja kwa moja kwenye mikseri? Makanisa mengi hufanya hivyo. Tatizo ni kwamba spika ya gitaa haipeleki kila kitu. Juu ya mitetemo elfu tano kwa sekunde au karibu na hapo hushuka haraka, na ukataji huo ndio unaofanya gitaa la umeme lisikike kama gitaa. Spika za mitambo zina tuita zinazopeleka hadi mwisho wa usikivu wa binadamu, hivyo gitaa lililochomekwa tupu huwa na ukali wa bati. Pedali yenye uigaji wa spika huondoa kasoro hiyo, na kwa mwenye uhakika wa mitambo mizuri na monita ya kujisikia mwenyewe, pedali hiyo ni matumizi mazuri ya pesa. Uhakika huo ndio haba. Bendi inayopiga harusini kwa mitambo ya kukodi haijui itakuta nini, na mpigaji mwenye amplifaya nyuma yake ana sauti hata monita ikifa.

Kwenye kupima kwa mikono, gitaa lifunguliwe sauti yote, geini iwe chini, na sauti kuu ipandishwe mpaka mtu aliye pembeni alazimike kupaza sauti ili asikike. Hapo zipigwe do na mi kwenye nyuzi za katikati, ziachwe zife zenyewe, na sikio lifuatilie kama bado ni noti mbili au zimeungana kuwa mngurumo. Kisha uzi wa chini upigwe kwa nguvu ukiwa wazi. Spika dhaifu hupiga makofi. Nyuzi zizuiwe kwa kiganja ili mvumo usikike peke yake. Kila kitufe kizungushwe polepole toka mwanzo hadi mwisho, maana palipochakaa patatoa mkwaruzo. Jeki ya gitaa ishikwe na kutikiswa: iliyofungwa kwa nati ya chuma kwenye bati huvumilia miaka ya kukanyagiwa waya, iliyoshikiliwa na risasi ya bodi pekee haivumilii. Chombo kikiwa wazi nyuma, vidole viwili vya kila mkono viiguse karatasi ya spika pande zote mbili na kuisukuma taratibu. Ikienda na kurudi kimya, koili iko katikati. Ikikwaruza, hata kidogo, bei ya spika mpya itolewe papo hapo kwenye bei inayotajwa.

Vilivyotumika ndivyo vyenye thamani kubwa kwa pesa, hasa transista za zamani zenye spika ya inchi 12 kama Peavey Bandit, kwa kuwa watu wengi huziuza kwa ajili ya kukimbilia mitindo mipya. Kabla ya yote, bamba la nyuma lisomwe. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya 240, yote kwa mizunguko 50. Chombo kilichoingia kutoka Marekani huweza kuwa cha volti 120 na mizunguko 60, na cha soko la Japani volti 100. Kikichomekwa hivyohivyo ukutani, transfoma au fyuzi huondoka dakika ileile. Transfoma ya kushushia umeme huondoa tatizo la volti, lakini haibadilishi mizunguko, na transfoma iliyohesabiwa kwa 60 hupata moto zaidi kwenye 50. Basi chombo cha aina hiyo kiwashwe na kupigwa nusu saa nzima hapohapo kwa muuzaji, kisha kiganja kiwekwe juu ya bati karibu na transfoma. Kama kiganja hakikai, chombo kiachwe dukani.