Vitenzi vya Kiingereza vya Maneno Mawili: Uhakiki wa Namna ya Kuvifundisha

Katika lugha ya Kiingereza iko jamii ya vitenzi ambavyo kila kimoja ni maneno mawili, na pengine matatu, lakini maana yake ni moja. Neno la kwanza huwa kitenzi cha kawaida ambacho mwanafunzi hukijua tangu miezi yake ya mwanzo, kama vile "go", "put", "take" au "carry". La pili huwa kijineno kama "up", "out", "off" au "on". Mwanafunzi ayajuaye yote mawili hudhani kwamba ameijua na jumla yake, na hapo ndipo apoteapo. Akiambiwa "carry out the experiment", aona neno la kubeba, kisha aona neno la nje, na akili yake yamwambia avitoe vyombo uani. Kumbe mwalimu alitaka afanye jaribio.

Jambo hili si dogo nchini Tanzania, ambako watoto wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na wakiingia sekondari hukuta karibu masomo yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Maelekezo ya darasani na ya vitabuni yamejaa vitenzi hivi: "find out", "work out", "fill in", "write down", "point out". Mwanafunzi aijuaye hesabu yake barabara, asipofahamu kwamba "work out" ni kukokotoa, hupoteza alama za hesabu kwa kosa la lugha, naye huandikwa kuwa hajui hesabu. Kwa hiyo yafaa namna ya kuvifundisha vitenzi hivi ichunguzwe.

Ugumu wake ulijulikana zamani. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1755, alikwisha kueleza kwamba kuongeza kijineno nyuma ya kitenzi ni desturi iliyoenea mno katika lugha yake, na kwamba ndiyo iwatabishayo wageni kuliko nyingine. Jina la kitaalamu la vitenzi hivi lilienea baada ya Logan Pearsall Smith kulitumia katika kitabu chake *Words and Idioms* cha mwaka 1925. Asili ya desturi yenyewe ni ya kale zaidi. Katika Kiingereza cha kwanza vijineno vingi vilitangulia kitenzi na kushikamana nacho. Polepole vikahamia nyuma na kusimama peke yake. Baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066 yaliingia maneno mengi ya Kifaransa, na mengine ya Kilatini yakafuata, hata jambo moja likawa na majina mawili. Moto huweza kuzimwa kwa "put out", neno la nyumbani, au kwa "extinguish", neno la vitabuni.

Njia ya kwanza ya kufundisha, ambayo ndiyo ienezwayo zaidi, ni orodha. Mwalimu huandika ubaoni vitenzi ishirini, na mbele ya kila kimoja huandika neno moja la kukifasiri: "put off" ni "postpone", "put up with" ni "tolerate", na kadhalika. Kasoro ya njia hii ni kwamba lisilojulikana hufasiriwa kwa lisilojulikana. Mwanafunzi asiyelijua "put up with" mara nyingi halijui "tolerate" vilevile. Tena, ajifunzapo yote mawili, hulishika lile la Kilatini peke yake, kwa kuwa ni neno moja na umbo lake halibadiliki, akaliacha la Kiingereza chenyewe. Matokeo yake ni mtu azungumzaye kama waraka wa serikali hata anapomwambia rafikiye azime taa.

Kukwepa huku si uvivu. Mwaka 1985 M. Dagut na B. Laufer walionyesha kwamba wanafunzi wenye lugha ya Kiebrania huviepuka vitenzi hivi, wakachagua neno moja mahali pake, nao wakaona sababu kuwa lugha yao haina mpango wa namna hiyo. Mwaka 1989 J. H. Hulstijn na E. Marchena waliwachunguza Waholanzi, ambao lugha yao inao mpango huo. Hao hawakuviepuka vyote. Waliviepuka vile ambavyo maana yake imejificha. Basi kuna vizuizi viwili ambavyo havifai kuchanganywa: umbo lililo geni, na maana isiyoonekana katika sehemu zake. Orodha haitibu hata kimoja.

Njia ya pili ni kukichukua kijineno chenyewe na kutafuta maana yake. Yasemwa, kwa mfano, kwamba "up" huonyesha jambo kutimia, kama katika "eat up" na "use up". Njia hii ina akili zaidi, na kamusi ya Collins COBUILD ya vitenzi hivi, iliyotoka mwaka 1989, iliisaidia sana kwa kuweka faharasa iliyopangwa kwa vijineno. Lakini waalimu wengine huigeuza kuwa sheria, na lugha haikubali. Fomu moja huweza kujazwa kwa "fill in" au kwa "fill out". Taa ikifanya "go off" imezimika, bali kengele ya hatari ikifanya "go off" imelia. Aliyefundishwa kwamba "off" ni kukoma atangoja kengele inyamaze, nayo ndiyo kwanza inaanza.

Upungufu ulio mkubwa kuliko wote, hata hivyo, haumo katika orodha wala katika vijineno. Umo katika desturi ya kuifukuza lugha ya mwanafunzi darasani. Mkutano juu ya kufundisha Kiingereza uliofanyika Makerere, Uganda, mwaka 1961, uliyapa nguvu maoni kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza chenyewe. Robert Phillipson, katika kitabu chake *Linguistic Imperialism* cha mwaka 1992, aliyahesabu maoni hayo kuwa kosa. Mabishano hayo ni mapana, lakini katika jambo hili dogo la vitenzi hasara yaonekana waziwazi: mwanafunzi amenyimwa chombo kilichokuwa mkononi mwake.

Kwani Kiswahili nacho hubadili maana ya kitenzi kwa kukiongezea kitu nyuma. Tofauti ni kwamba Kiingereza huongeza neno, Kiswahili huongeza kiambishi. Kutoka "enda" hupatikana "endea", na kwa kurudia kiambishi hupatikana "endelea". Kiingereza huchukua "go" kikaongeza "on", kikapata maana ile ile. Hakuna Mswahili amwambiaye msomaji "endelea" huku akifikiri habari ya miguu. Vivyo hivyo Mwingereza asemapo "go on". Kutoka "shika" hupatikana "shikilia", ambayo ni "hold on". Kutoka "pita" hupatikana "pitia", na mtu apitiapo hati ndiye afanyaye "go through". Kutoka "toka" hupatikana "tokea", kwa maana ya jambo kutukia au mtu kuonekana ghafula, ambayo Kiingereza huigawa kati ya "come about" na "turn up". Hata baraza la hukumu lina mfano wake: mahakama ya Waswahili hutupilia mbali rufaa, na ya Waingereza huifanyia "throw out". Hakuna karatasi iliyorushwa dirishani katika mahakama yoyote ya hizo mbili.

Mifano hii haina maana kwamba kila kiambishi kina kijineno chake. Tofauti zenyewe hufundisha. Kiswahili husema "zima taa" na "taa imezimika": mzizi ni ule ule, na kiambishi ndicho kibadilishacho. Kiingereza husema "put out" na "go out": kijineno ndicho kibakicho, na kitenzi ndicho kibadilikacho. Kiswahili hutenga "amka" na "amsha", ambapo Kiingereza hutumia "wake up" kwa yote mawili. Mwanafunzi aonyeshwaye jozi hizi hujua mahali pa kutazama, na ni bora kuliko kupewa maneno ishirini yasiyo na uhusiano.

Yako pia maneno ambayo lugha ya nyumbani humponza mwanafunzi, na hayo yanahitaji kutajwa kwa jina lake. Kiswahili cha ofisini husema mkutano umesogezwa mbele, maana yake umeahirishwa. Mwingereza akisema ameufanyia mkutano "bring forward", ameuleta karibu zaidi, yaani utafanyika kabla ya siku iliyotajwa kwanza. Afasiriye neno kwa neno atafika ukumbini wenziwe wamekwisha kutawanyika. Kosa hili haliwezi kugunduliwa na mwalimu aliyekataza Kiswahili darasani, kwa kuwa chanzo chake kimo katika Kiswahili.

Kadhalika mahali pa kiwakilishi. Vitabu vya sarufi hutoa sheria kwamba husemwa "put it out", wala haisemwi "put out it", na mwanafunzi huikariri bila kuiona sababu. Lakini katika "niliizima" kiwakilishi cha taa kimekaa ndani ya kitenzi, kati ya alama ya wakati na mzizi. Mzungumzaji wa Kiswahili amezoea tangu utoto kukiweka kitendwa katikati. Imebaki aonyeshwe kwamba katikati ya Kiingereza ni hapa, baina ya kitenzi na kijineno. Kisha aonyeshwe kwamba "look after it" haimo katika mpango huo, maana kijineno chake hakitengani na kitenzi. Sikio nalo lifundishwe. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, lakini katika "put it out" mkazo uko mwishoni kabisa, juu ya kijineno. Asiyezoezwa hukitamka kwa unyonge, na akisikilizapo hakisikii.

Wako watakaosema kwamba kazi hii haina mwisho, kwa kuwa vitenzi vyenyewe ni maelfu. Hesabu inawapinga. D. Gardner na M. Davies, mwaka 2007, walichunguza mkusanyo wa maneno milioni 100 ya Kiingereza cha Uingereza, wakaona kwamba vitenzi 100 vitumikavyo zaidi vyachukua zaidi kidogo ya nusu ya matumizi yote ya vitenzi vya namna hii. Ni kweli kwamba kila kimoja kina maana kadhaa, kwa wastani zaidi ya tano. Lakini M. Garnier na N. Schmitt, mwaka 2015, walitoa orodha ya vitenzi 150 pamoja na zile maana zitumikazo hasa. Basi kazi ina mpaka, nayo yaweza kugawanywa katika miaka ya shule. Ianze na vile ambavyo mwanafunzi huvikuta kila siku katika maelekezo ya masomo yake, wala isianze na vile vya mizaha na hadithi.

Na vifundishwe vipi? Kama Mswahili alivyojifunza "piga". Mtoto wa pwani hakupewa orodha ya "piga pasi", "piga simu", "piga kura", "piga mbizi" na "piga magoti". Alisikia kila moja mahali pake, nguo zikinyooshwa au watu wakichupa majini, akalishika neno pamoja na tendo. Mgeni ajifunzaye Kiswahili kwa kuambiwa kwamba "piga" ni kutia kofi hutaabika vile vile kama Mswahili ataabikavyo kwa "put". Kwa hiyo kitenzi kifundishwe kizima, ndani ya sentensi na tendo, pamoja na kitendwa chake cha kawaida. Kisha, kikisha kuzoeleka, ndipo kijineno chake kilinganishwe na wenziwe.

Watungaji wa kamusi nao wana deni. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya mwaka 1939, iliyosimamiwa na Frederick Johnson, na ile ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya mwaka 1996, zote huviweka vitenzi hivi chini ya kitenzi cha kwanza. Mpango huo wamfaa atafutaye neno moja, lakini humficha mwanafunzi asione kwamba "put out" na "go out" ni ndugu. Faharasa ya vijineno, iliyo na vitenzi vya Kiswahili vilivyonyambuliwa kando ya kila kimoja, ingekuwa kazi ya kurasa chache. Faida yake ingemfikia yule mwanafunzi aliyetoa vyombo uani, ambaye kosa lake halikuwa kutojua sayansi, wala halikuwa kujua Kiswahili.