Papa wa Tanga na Kamusi za Nchi Kavu

Mtu asiyejua bahari, akitaka kufahamu kwa Kiswahili jinsi papa anavyonaswa kwa ndoana na mvuvi aliye peke yake katika chombo kidogo, ataongozwa na kamusi hadi ufukweni, kisha ataachwa hapo. Papa atamkuta, na mshipi, na chambo. Hatakuta kile kipande cha waya kinachofungwa kati ya ndoana na mshipi ili meno yasiukate, wala jinsi chombo kinavyotenda samaki akivuta.

Lichukuliwe neno la chombo. Kayaki ya watu wa nchi za barafu ni kiunzi kilichovikwa ngozi, na mpiga kasia hukaa ndani amefunikwa hadi kiunoni. Mfasiri akiiita ngalawa, amekwisha kuiharibu habari kabla papa hajauma. Ngalawa ya Tanga na Pangani ina matengo pande mbili. Samaki akivuta kwa ubavu, matengo huizuia isipinduke. Mtumbwi mtupu hauna msaada huo: mvuvi hana budi kulegeza mshipi, kuelekeza omo kwa samaki na kukubali kukokotwa mpaka mnyama achoke. Basi mtumbwi, ijapokuwa ni gogo lililochongwa wala si ngozi, ndiyo tafsiri iliyo karibu zaidi, kwa kuwa imehifadhi hatari.

Kosa la jarife ni zito kuliko hilo. Madan (1903), na Johnson baada yake (1939), walilieleza kuwa wavu wa kukokota, ndugu wa juya. Huenda walisikia sawa katika zama zao. Lakini wavuvi wa Tanga huita jarife ule wavu wa macho makubwa unaotegwa na kuachwa majini, papa ajinase mwenyewe. Juya humfuata samaki, jarife humngoja. Katika majarife yaliyoshushwa kina kirefu ndimo waliponaswa silikanti wa Tanga tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, samaki ambaye wataalamu walimdhani ametoweka duniani hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye hifadhi ya bahari iliyoanzishwa Tanga mwaka 2009 imepewa jina lake. Asomaye habari hiyo na Johnson mkononi atadhani silikanti alivutwa mchangani.

Tena sheria ya uvuvi ya Tanzania inakataza nyavu za kukokotwa ufukweni. Ufafanuzi wa 1939 ukisomwa mbele ya hakimu, mwenye jarife atahukumiwa kwa tendo asilolitenda. (Papa upanga naye, ambaye kwa elimu ya viumbe ni jamii ya taa, hana kesi; jina lake halimdhuru mtu.)

Sacleux, katika kamusi yake ya Kifaransa ya 1939 hadi 1941, alikuwa na desturi ya kutaja lahaja ambamo neno lilisikiwa. Watungaji wa Kiswahili Sanifu waliiacha desturi hiyo wakidhani wanaliunganisha taifa la wasemaji. Jarife linastahili kuandikiwa maana mbili, na ya pili itiwe alama ya Kimtang'ata, baada ya mtunzi kwenda Kigombe na kuutazama wavu wenyewe ukishushwa.