Kujiamini kwa Kiongozi: Luanda Magere na Kinjeketile

Ukitoka katikati ya mji wa Kisumu ukaelekea mashariki, ukapita Kondele na kuingia Manyatta, umeikaribia tambarare ya Kano ambako ngano ya Luanda Magere imekita mizizi. Manyatta ni mtaa wenye watu wengi na lugha zaidi ya moja: Kijaluo ndicho kinachotawala, lakini Kiswahili hutumika wanapokutana watu wa asili mbalimbali. Kwa hiyo ngano hii haisimuliwi tena kwa Kijaluo peke yake. Ihamapo kutoka lugha moja hadi nyingine huchukua swali linalostahili kuchunguzwa: kiongozi ajiamini kwa kiasi gani, na imani hiyo yatoka wapi?

Masimulizi hutofautiana katika mambo madogo madogo, lakini kiini chake ni kimoja. Luanda Magere alikuwa shujaa ambaye mwili wake haukupenywa na mkuki. Maadui, ambao masimulizi huwaita Lang'o, waliposhindwa kumuua vitani walimpa binti yao awe mkewe. Wazee walimwonya asimwoe; hakuwasikiliza. Siku moja akiwa mgonjwa, alimwagiza mke huyo achanje kivuli chake badala ya mwili ili atiwe dawa, na damu ikatoka kivulini. Mke akatoroka na siri hiyo hadi kwao. Katika vita vilivyofuata kivuli kilichomwa mkuki, shujaa akaanguka na kugeuka jiwe. Hata jina lake laashiria mwisho huo, kwani 'lwanda' kwa Kijaluo ni mwamba.

Fasiri iliyozoeleka humtia hatiani mwanamke: shujaa alisalitiwa, na funzo ni kwamba siri isitolewe kwa mke wa kigeni. Kwa maoni yetu fasiri hii haitoshi. Mwanamke yule alitumwa na watu wake akatimiza alichotumwa. Upande wa pili wa mpaka, ngano hiyo hiyo yaweza kumfanya shujaa. Aidha, fasiri hiyo yaacha bila jibu swali lililo zito zaidi: kwa nini jeshi zima liwe limetegemea mwili wa mtu mmoja? Magere alijiamini kwa sababu ya kitu alichokuwa nacho peke yake. Kwa kuwa hakuna aliyeshiriki nguvu hiyo, aliona hakuna mwenye haki ya kumshauri. Kosa lake lilianza siku alipowapuuza wazee, kabla ya siri kutoka.

Jazanda ya kivuli nayo yatuelekeza huko. Kivuli ni cha mtu, lakini kimo nje yake. Huanguka chini, mara nyingi nyuma yake, na wenzake hukiona kabla yeye hajakiona. Udhaifu wa kiongozi hukaa hapo. Kiongozi anayejiamini bila kusikiliza amewanyima kazi wale tu ambao wangeweza kumlindia kivuli chake.

Lugha yetu yaweza kutusaidia. Kitenzi 'amini' ni cha ukoo mmoja na 'amana' na 'uaminifu'. Amana ni kitu ulichokabidhiwa ukitunze. Mwenyewe ni mwingine. Lakini kiambishi '-ji-' kilichomo katika 'kujiamini' kimo pia katika 'kujigamba', 'kujitapa' na 'kujivuna'. Kimuundo, maneno haya ni ndugu. Sarufi haitutenganishii kujiamini na majivuno. Kinachovitenganisha ni iwapo kiongozi anaiona nguvu yake kuwa amana au kuwa mali yake.

Tumtazame sasa Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, katika tamthilia iliyochapishwa mwaka 1969 juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Naye ana nguvu ya ajabu, lakini yake ni maji, kitu kinachogawanywa. Kwa maji hayo makabila yaliyogawanyika yanapata umoja na ujasiri wa kumkabili Mjerumani. Tofauti kubwa ya pili ni kwamba Kinjeketile ana shaka. Anayapima maneno aliyoyatamka na kuogopa maana yake. Hata hivyo, mwishoni anapotakiwa kuyakana maji, anakataa, kwa kuwa kuyakana ni kuwaambia watoto wa kesho kwamba baba zao walikosea kudai uhuru. Hapo haamini tena kinga ya mwilini; anaamini haki ya wale waliomfuata.

Msomaji aweza kupinga kwamba kiongozi mwenye shaka hawezi kuongoza vita. Pingamizi hili lina uzito, na tamthilia yenyewe hailikwepi: watu waliokwisha kuyapokea maji hawakumsikiliza tena alipotaka wangoje. Lakini jambo hilo lathibitisha kwamba ujasiri uliotolewa bila maelezo humponyoka hata aliyeutoa. Dawa yake ni shaka kusemwa mapema, mbele ya watu.

Historia ya eneo hili yatupa mfano wa namna nyingine. Mwezi wa Juni 1958, Oginga Odinga alitamka katika Baraza la Kutunga Sheria kwamba Kenyatta na wenzake waliofungwa walikuwa bado viongozi mioyoni mwa watu. Alishutumiwa, hata na Waafrika wenzake barazani. Yeye hakurudi nyuma, na haukupita muda mrefu msimamo huo ukawa wa wengi. Huko kulikuwa kujiamini kwa hali ya juu, lakini hakukuwa kujisifu: aliutumia ujasiri wake kuutetea uongozi wa mtu mwingine. Alisimama peke yake barazani kwa kuwa aliamini hakuwa peke yake nje.

Yafaa basi walimu wa fasihi wasiifunge ngano ya Luanda Magere kwa kumlaumu mwanamke. Mwanafunzi wa Manyatta anayefundishwa hivyo hujifunza kumwogopa mgeni, wala hajifunzi kumhoji shujaa. Na aulizwe kwanza wazee walisema nini, na kwa nini hawakusikilizwa. Jiwe ni gumu, lakini halisikii. Na sifa ya kutosikia Magere alikuwa nayo hata kabla hajageuka jiwe.