Divai ya karto na kasiksi: je, pombe ya bei ndogo inafaa kunywewa?

Kila mara tunapoandaa mahari, ubatizo ao sikukuu ya diploma, swali moja linarudi: tununue divai gani? Kwa watu wengi wa mji jibu liko tayari: ile ya karto, ya bei ya chini kabisa, mradi mezani paonekane kitu chekundu ndani ya bilauri. Wengine wanakataa. Wanasema rahisi ni ghali, na afazali kukosa divai kuliko kuwapa wageni takataka. Mimi naona pande zote mbili zinakosea. Zote zinaangalia bei peke yake, haziulizi bei ile inalipa nini.

Nilijifunza jambo hili kwa haya. Miaka michache iliyopita, siku ya kupeleka mahari ya mtoto wa dada yangu huko Bukavu, mimi mjomba niliwekwa juu ya kazi ya vinywaji. Feza zilikuwa kidogo. Nikanunua divai ya karto, kila karto kwa bei ya chupa mbili za bia, na nikafurahi sana kwa akili yangu. Mzee wa upande wa bibi arusi akapokea bilauri yake, akanusa, akaonja kidogo, kisha akaiweka chini polepole. Akaniuliza kwa sauti ya upole: “Bwana mukwe, asante sana. Lakini kasiksi iko wapi?” Nyumba nzima ikanyamaza. Kijana mmoja akakimbia kwa jirani, akarudi na bidoni. Mimi mwenyewe nikaonja kwanza mbele ya watu wote, jinsi desturi inavyotaka, ili mgeni ajue kwamba hamna ubaya ndani. Hapo njo maneno ya ndoa yalianza kweli. Kasiksi ile ilikuwa ya bei ndogo kupita divai yangu.

Basi tuangalie ile karto. Zabibu zimelimwa mbali sana, tuseme Afrika ya Kusini ao Hispania. Divai imetiwa ndani ya karto, imepanda meli, imeshuka kwenye bandari kama Dar es Salaam ao Mombasa, imepanda lori, imepita mipaka na kulipa kodi, halafu mwenye magazini na mwenye kibanda kila mmoja ameongeza faida yake. Ukitoa hayo yote ndani ya bei uliyolipa, ni franka ngapi zinabaki kwa ajili ya zabibu zenyewe? Kidogo sana. Kwa divai ya bei kubwa, safari inakula sehemu tu. Kwa divai ya bei ndogo, safari inakula karibu yote. Ndiyo sababu unaonja sukari kwanza, kisha uchachu, kisha hakuna kitu. Na kama karto ilikaa majuma mengi kwenye jua, ule uchachu unakaribia siki. Tena, si kila karto yenye picha ya zabibu ni divai. Soma maandiko madogo: kuna nyingine ambazo ni kinywaji cha maji, sukari, rangi na alkoli.

Hata hivyo tusizarau divai ya bei ndogo kwa ujumla. Kule inakozaliwa ni kitu kingine. Katika vita vya 1914–1918 askari wa Ufaransa walipewa kila siku kipimo cha divai nyekundu ya kawaida, waliyoiita “pinard”. Haikuwa divai ya matajiri. Ilikuwa divai ya mkulima na ya mfanyakazi, iliyotoka kwenye pipa, ikanywewa na mkate ndani ya mwaka uleule, bila kusubiri uzee. Ni kusema, divai ya bei ndogo kwao ni kama kasiksi kwetu: kinywaji cha karibu, cha watu wote. Kosa lake si bei. Kosa lake ni kwamba imetembezwa.

Sasa kasiksi. Wengi wetu tulikunywa lakini tumesahau kazi yake. Ndizi za pombe zinavundikwa shimoni siku kadhaa hadi ziive vizuri, zinamenywa, zinakandwa pamoja na majani makali mpaka maji yatoke. Maji yale matamu ni mutobe, ambao hata watoto wanapewa. Ukitia ndani mtama uliokaangwa na kusagwa, ukafunika na kuacha siku moja, mbili ao tatu, unapata kasiksi. Mtama unaleta chachu, rangi na ule uchungu kidogo unaozuia utamu usichoshe kinywa. Kasiksi nzuri ina harufu ya ndizi mbivu na ya moshi, ni nzito kidogo, na inaacha ladha nyuma ya ulimi. Siku ya kwanza ni tamu, siku ya pili imesimama sawasawa, baadaye inachacha. Haiwezi kungoja meli. Na franka unazotoa zinalipa karibu vitu viwili tu: ndizi na mikono.

Lakini mimi si mtetezi kipofu. Kuna kasiksi mbaya, na tunaijua. Kuna iliyoongezwa maji ya mto ili bidoni ijae, na kuna iliyowekwa ndani ya bidoni lililobeba mafuta. Ile usinywe, hata ukipewa bure. Tofauti ni hii: kwa kasiksi unaweza kumwuliza aliyeitengeneza. Unajua kilima chake, unajua usafi wa nyumba yake, na ukitaka unamwambia anywe wa kwanza. Kwa karto utamwuliza nani?

Kwa nini basi tunaona haya kuweka kasiksi mezani, na hatuoni haya kuweka divai iliyokwisha nguvu? Nadhani jibu liko katika historia. Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa 1919 ulizuia kuingiza pombe kali za biashara katika Afrika, na chini ya Wabelgiji mtu mweusi alikatazwa pia divai kwa muda mrefu. Bia iliruhusiwa, kiwanda cha bia cha Léopoldville kilianzishwa mwaka 1923. Divai ikabaki kitu cha meza ya Muzungu na cha altare ya padri, maana Misa inadai divai ya zabibu. Kitu kilichokatazwa baba kinakuwa heshima kwa mtoto. Tunaponunua karto leo, mara nyingi hatununui kinywaji. Tunanunua ruhusa ambayo babu alinyimwa. Hamu hiyo ninaielewa. Lakini ruhusa tumekwisha kuipata zamani, na ulimi unapaswa kuamua wenyewe.

Jambo hili si la ulimi peke yake. Huko Kabare na Idjwi, ni familia ngapi zimelipa minervali kwa kasiksi? Wengi tunaosoma kitabu hiki tumesomeshwa na bidoni lililobebwa kichwani na mama. Na shamba lile limepata adui: mnyauko wa migomba, ugonjwa uliotambuliwa katika nchi yetu huko Masisi mwaka 2001. Ndizi za pombe ni kati ya zinazoshikwa upesi, kwa sababu wadudu wanaubeba kutoka ua hadi ua. Unazuiliwa kwa kuvunja ua la dume kwa kijiti chenye panda, na kwa kupitisha kisu motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Ni kazi ya kuchosha. Nani ataifanya, ao atapanda tena, kama watoto wa kilima wakifika mjini wanaona haya kunywa?

Basi shauri langu ni hili. Kama una feza ya divai nzuri, nunua chupa moja nzuri, na kila mtu apate kidogo. Kama feza ni ndogo, usinunue karto kwa kutaka kuonekana. Nunua kasiksi safi, ya jana, kwa mtu unayemjua. Na kama karto imekwisha kununuliwa, iweke mahali pa baridi, uinywe na nyama ya mbuzi, bila kuidai iwe kitu isichokuwa. Pombe ya bei ndogo inafaa kunywewa karibu na mahali ilipozaliwa. Mzee yule hakuniuliza bei ya divai yangu. Aliuliza kasiksi iko wapi, na mimi sikuwa na jibu.