Mistari 27 iliyoiwezesha Unix kuzaa

Mwaka 1969, katika maabara za Bell huko New Jersey, Marekani, Ken Thompson alikuwa na kompyuta ya PDP-7 ambayo hata kwa viwango vya wakati ule ilikwisha kupitwa na wakati. Kumbukumbu yake ilikuwa maneno 8,192 ya biti 18, yaani kilobaiti 18 hivi. Picha moja ya simu yako huchukua nafasi hiyo mara 100 na zaidi. Humo ndimo mfumo endeshi wa Unix ulimozaliwa.

Nafasi haikutosha michakato, yaani programu zinazoendeshwa, kukaa pamoja, hivyo ilipokezana: mmoja ulipofanya kazi, mwingine uliandikwa diskini kungoja zamu. Hata programu ya kupokea amri haikuwa na makao ya kudumu. Ulipoandika amri, iliipisha programu uliyoiita ikalie mahali pale pale. Kazi ikiisha, yenyewe ilisomwa upya kutoka diskini.

Kisha Thompson akataka mchakato mmoja uweze kuzaa mwingine. Wazo hilo, fork, lilikuwako tayari kwenye mfumo wa Genie wa Berkeley, chuo alikosoma. Ugumu ulikuwa kulitia katika chumba kilichojaa. Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Msimbo wa kuhamishia mchakato diskini ulikuwepo. Akautumia huo huo. Andika mchakato diskini, lakini usiufute kwenye kumbukumbu: tayari unayo nakala mbili. Rekebisha jedwali la michakato, na nakala hizo ni michakato miwili. Kwa mujibu wa Dennis Ritchie, mwenzake, kazi yote ilichukua mistari 27 ya lugha ya asembli.

Kupakia programu mpya hakukuguswa, kwa kuwa programu ya amri ilikuwa ikijifanyia yenyewe. Ndiyo maana hadi leo Unix hutenganisha kujinakili na kubadili programu. Vitabu husifu mgawanyo huo kama usanifu wa hali ya juu, na sifa unazistahili, lakini aliyeuchora ni uhaba. Katika mashine yenye nafasi tele, naamini Thompson na wenzake wangeandika amri moja nene inayofanya yote mawili.

Fork haikuja bila mkasa. Amri ya kuhama saraka, chdir, iliyokuwa ikifanya kazi vizuri, ghafla ikawa haihamishi kitu. Walisoma msimbo wakakuna vichwa. Kumbe mchakato mtoto ndio uliohama, kisha ukafa na uhamaji wake, na mzazi akabaki alipokuwa. Ikabidi programu ya amri iitekeleze chdir yenyewe, bila kuzaa, na mpaka sasa cd hufanya hivyo.

Uhaba haukuishia hapo. Mwaka 1970 ilifika kompyuta nyingine, PDP-11, yenye kumbukumbu ya kilobaiti 24, bila diski kwa miezi mitatu. Mfumo ulichukua 12, programu zikapewa kipande kidogo, na kumbukumbu iliyobaki ikafanywa diski ya bandia.

Na fork ingali kazini. Ukigusa programu kwenye simu ya Android, si kwamba kila kitu hupakiwa kuanzia mwanzo. Kuna mchakato uitwao Zygote, ulioamka simu ilipowashwa ukiwa umebeba maktaba zinazohitajiwa na wote. Huo hujigawa kwa fork, na mtoto huwa ndiyo programu uliyoiita. Kurasa za kumbukumbu ambazo hakuna anayeziandikia hubaki za pamoja kati ya mzazi na watoto wake, na kwenye simu yenye gigabaiti 2 tu, hapo ndipo nafasi inapookolewa.