Chumba Kimeota Msitu

Jamani, kitabu hiki! Nilikifungua jana usiku kumlaza mwanangu, na mpaka saa sita hakuna aliyelala. Ni Where the Wild Things Are cha Maurice Sendak wa Brooklyn. Kilitoka Marekani mwaka 1963, mwaka uliofuata kikashinda Medali ya Caldecott, nami ndiyo kwanza nakishika! Miaka yote hiyo nilikuwa wapi?

Mtoto Max kavaa vazi la mbwa mwitu, kafanya utundu nyumba nzima, mama kamwamuru akalale bila kula. Kisha tazama kitanda: nguzo zake zinachipua, zinakuwa miti, na zulia nalo limeshakuwa nyasi! Picha zenyewe zinakua. Ya kwanza ni ndogo, imezungukwa na weupe mtupu. Kila ukifunua inatanuka, inameza weupe, inavuka hadi ukurasa wa pili. Max anapofika kwa mazimwi na kutawazwa mfalme wao, ngoma inaanza, na hapo picha zinajaa kurasa mbilimbili, mara tatu mfululizo, bila neno hata moja. Nikanyamaza. Mwanangu akaninyang'anya hadithi: akanguruma, akapiga godoro mateke, akanipanda mgongoni kama Max alivyopanda zimwi.

Na mazimwi hayo! Macho ya manjano, makucha, pembe, na mojawapo lina nyayo za binadamu kabisa, vidole vyote vinaonekana. Sendak alieleza kuwa aliwachora ndugu wa wazazi wake, Wayahudi waliohamia kutoka Poland, waliokuja kula kwao na kumfinya mashavu. Zimwi likujualo! Ndiyo maana yanatisha na bado unataka kuyakumbatia.

Maneno yote ni 338 tu, ya Kiingereza. Nilifasiri papo hapo, na Kiswahili kiliingia kama kilikuwa kinasubiriwa.

Max anarudi chumbani. Mwezi wa dirishani, uliokuwa mwembamba, sasa ni mpevu. Chakula kiko mezani, na ukurasa wa mwisho hauna picha, una maneno tu ya kusema bado ni cha moto.

"Baba, nani kaleta?"

"Mama yake."

"Yuko wapi?"

Tukarudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa, kumtafuta. Mama hajachorwa popote. Lipo bakuli la chakula tu.