Redio "Iliyofafanuliwa": Tahakiki ya Istilahi za Vituo vya Setilaiti

Imetufikia tafsiri ya mwongozo mdogo wa mafunzo kuhusu vyombo vya mawasiliano katika vituo vya setilaiti. Jina la mfasiri hatutalitaja, wala la ofisi iliyomtuma, kwa sababu nia yetu si kumwaibisha mtu. Mfasiri huyo ana Kiswahili safi, na makosa tutakayoyaonyesha ni makosa yetu sote tunaofasiri mambo ya tekinolojia kwa haraka, huku kamusi ikiwa mkono mmoja na kalamu mkono wa pili. Twaomba basi tahakiki hii isomwe kama mazungumzo ya watu wa kazi moja.

Tuanze na sentensi moja tu, kwa kuwa ndani yake yamo karibu mambo yote tunayotaka kuyasema: "Kituo cha ardhi hutumia redio iliyofafanuliwa na programu, ambayo ndani yake mna kigeuzi cha masafa ya juu."

Kisarufi sentensi hii haina ila. Upatanisho wa ngeli ni sahihi, na kila neno lililomo ni la Kiswahili au limekwisha kupokewa katika Kiswahili. Lakini hebu tumsomee mwalimu au karani ambaye hakuuona mwongozo wa asili. Kituo cha ardhi atakidhania kuwa tawi la ofisi inayogawa viwanja. Redio kwake ni kile chombo cha mezani cha kusikilizia habari. Kufafanua ni kueleza jambo mpaka lieleweke. Kwa hiyo redio hii, kwa maoni yake, ni ile ambayo imepata kuelezwa vizuri. Na aliyeieleza ni nani? Ni programu. Msomaji wetu atafikia mwisho wa sentensi akiwa amefahamu maneno yote na asiambulie maana hata moja.

Istilahi haiwezi kusahihishwa kabla ya kukijua kitu chenyewe. Kwa hiyo yafaa tueleze kwa ufupi kazi inayofanyika katika kituo cha namna hii.

Ujumbe wa setilaiti, ukiwa ni picha ya mawingu au kipimo cha joto la betri, hauwezi kusafiri peke yake. Hubebeshwa wimbi la redio, kwa kulibadili wimbi hilo kidogo: kimo chake, au wingi wa marudio yake, au mahali linapoanzia. Wimbi likifika upande wa pili, mzigo hutuliwa, na ujumbe ukapatikana tena. Chombo kinachobebesha na kutua ndicho kiitwacho modemu, na jina hilo limeundwa kwa kuunganisha vipande vya maneno mawili yanayotaja kazi hizo mbili. Kwa miaka mingi modemu ilikuwa sanduku la chuma lenye saketi zilizolehemiwa kwa aina moja ya ubebeshaji. Aina ikibadilika, hapakuwa na budi kununua sanduku jingine.

Katika chombo kipya tunachokizungumzia, wimbi lililopokewa na antena hukuzwa, kisha hupimwa mara maelfu au mamilioni katika kila sekunde, na kila kipimo kikaandikwa kwa tarakimu. Kuanzia hapo kazi yote iliyobaki ni hesabu, na hesabu hufanywa na kompyuta kwa kufuata programu iliyoandikwa. Wakati wa kurusha mambo huenda kinyume: tarakimu hufanywa wimbi. Modemu imeacha kuwa sanduku, imekuwa maandishi.

Ukweli huu ulidhihirika mwaka 2014. Tarehe 12 Agosti 1978 Marekani ilikirusha chombo cha anga kiitwacho ISEE-3, kwa ajili ya kuchunguza upepo utokao kwenye jua. Kilifanya kazi hiyo na nyingine kwa miaka mingi, na hatimaye kikaachwa. Mwaka 1999 shirika la anga la Marekani, NASA, liliviondoa katika vituo vyake vyombo vya zamani vya kurushia mawimbi ambavyo vingeweza kuzungumza nacho. Chombo kilipokuwa kinakaribia tena dunia mwaka 2014, redio yake ilikuwa ingali hai, lakini huku duniani masanduku ya kukisemesha hayakuwapo tena. Kundi la watu waliojitolea, kwa fedha zilizochangwa na umma na kwa makubaliano na NASA, walizitafuta hati za zamani zilizoeleza jinsi amri zilivyobebeshwa kwenye wimbi. Kisha wakaiandika modemu upya kwa programu, wakitumia GNU Radio, ambayo ni hazina ya programu za namna hiyo iliyo wazi kwa kila mtu. Tarehe 29 Mei 2014, kwa kutumia antena ya Arecibo huko Puerto Rico, iliyokuwa na kipenyo cha mita 305, walikipelekea chombo amri, nacho kikaitii. Mwezi Julai injini zake zilishindwa kukibadilishia njia, na tarehe 10 Agosti kikaupita mwezi na kuendelea na safari yake. Antena ya Arecibo nayo iliporomoka Desemba 2020. Hata hivyo jambo lililothibitishwa halikuporomoka: modemu iliyotupwa ikiwa chuma ilirudi ikiwa maandishi, kwa sababu hati zilikuwa zimeandikwa kwa maneno yasiyo na utata.

Hapo ndipo penye uzito wa suala letu. Kama hati zile zingetumia jina moja kwa vitu viwili, pasingekuwa na mtu wa kuulizwa. Twajiuliza: mwongozo wetu wa Kiswahili, ukifunguliwa miaka thelathini baadaye na mtu asiye na nakala ya Kiingereza, utamwezesha kufanya kitu?

Sasa turudi kwenye maneno, moja baada ya jingine.

La kwanza ni "iliyofafanuliwa". Mfasiri amekutana na kitenzi cha Kiingereza chenye maana mbili: kueleza maana ya neno, na kukipa kitu umbo na mipaka yake. Ameichukua maana ya kwanza, ilhali iliyokusudiwa ni ya pili. Programu haiielezi redio. Ndiyo inayoamua redio hiyo iwe ya namna gani. Yafaa pia ikumbukwe kwamba jina hili lilipoenea katika miaka ya 1990, hasa kwa maandishi ya mhandisi Mmarekani Joseph Mitola, halikuwa na kitenzi hicho hata kidogo. Lilikuwa na nomino mbili tu, redio na programu.

Na Kiswahili kina njia yake ya tangu zamani ya kutaja kitu kwa kile kinachokiendesha. Twasema gari la moshi, jiko la mkaa, taa ya mafuta. Hakuna aliyepata kusema "jiko lililowezeshwa na mkaa". Kwa mfano huo huo twapendekeza "redio ya programu". Msomaji akisikia taa ya mafuta anajua kwamba mafuta yakiisha taa huzimika; na akisikia redio ya programu atajua kwamba programu ikibadilika redio hubadilika. Kuna watakaosema kwamba programu itachanganywa na matangazo ya redio. Hatuna hofu hiyo, maana kwa matangazo tunalo neno "kipindi", nalo limekwisha kuota mizizi.

La pili ni "kigeuzi". Neno hili ni zuri, ila limewekwa mahali pasipo pake. Katika redio ya programu kimo kigeuzi cha kweli, nacho ni kile kipande kinachoyafanya mawimbi kuwa tarakimu, na kingine kinachozifanya tarakimu kuwa mawimbi. Vipande hivyo ni vya kushikika, na havina budi kuwapo. Mfasiri alipoiita modemu nayo kigeuzi, ameviita vitu viwili kwa jina moja, na kurasa chache mbele ameshindwa kuvitofautisha. Amelazimika kuandika "kigeuzi cha kwanza" na "kigeuzi kingine". Heri angeiacha modemu kuwa modemu. Neno hilo limekwisha kuzoeleka maofisini, linatamkika, na halimdanganyi mtu. Kwa kazi zenyewe, vitenzi "kubebesha" na "kutua" vinatosha, na kila aliyewahi kujitwika mzigo anavielewa.

Pana na jambo jingine kuhusu kiambishi "ki-". Katika majina kama kigeuzi na kipokezi, msikiaji hutarajia kifaa cha kushika mkononi. Tuchukue mfano wa ofisa anayeandika zabuni. Akiandika kwamba kituo chahitaji "vigeuzi viwili", mtunza ghala atangoja masanduku mawili. Yakija sanduku moja na programu mbili, atakataa kutia sahihi, naye atakuwa na haki. Au litatokea la kinyume, nalo ni baya zaidi: serikali italipia chuma mara mbili, ilhali ilihitaji kulipia maandishi mara moja. Neno lisilo sahihi lina gharama, na gharama hiyo huingia katika vitabu vya hesabu.

La tatu ni "masafa ya juu". Masafa ni umbali. Watangazaji wetu wa zamani waliposema masafa mafupi na masafa ya kati walikuwa sahihi kabisa, kwa kuwa walitaja urefu wa wimbi, nao walitaja na mita zake. Lakini wimbi kadiri linavyokuwa fupi ndivyo linavyojirudia mara nyingi zaidi kwa sekunde. Wimbi la megahezi 100 lina urefu wa mita 3. La megahezi 2,000, ambalo ni la aina inayotumiwa na vyombo vingi vya anga, lina sentimita 15 tu. Kwa hiyo "masafa ya juu" ya mfasiri wetu ndiyo "masafa mafupi" ya mtangazaji, na mwanafunzi aliyesoma yote mawili atakuwa na haki ya kuchanganyikiwa. Hatutaki kuwanyang'anya watu neno walilolizoea wanapotafuta stesheni. Lakini katika mwongozo wa ufundi wimbi lipewe "urefu" na "marudio", kila kimoja kwa jina lake.

La mwisho ni "kituo cha ardhi". Kiingereza hapa kinaitaja dunia kwa kuilinganisha na anga, wala hakisemi udongo. Kituo cha namna hii chaweza kuwa hata melini. Afrika Mashariki ina mazoea ya muda mrefu na mambo haya. Kituo cha Longonot, Kenya, kilianza kazi mwaka 1970, na tarehe 12 Desemba mwaka huo huo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, nayo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Watu wakasema "kituo cha setilaiti", wakaelewana. Jina hilo latosha. Hakuna atakayelichanganya na kituo cha anga, ambako wanaanga huishi.

Sentensi yetu sasa yaweza kuandikwa hivi: "Kituo cha setilaiti hutumia redio ya programu, ambayo modemu yake hufanya kazi kwa mawimbi yenye marudio mengi." Haikurefuka, na karani ataweza kuisoma.

Twajua watakaosema kwamba mambo haya ni ya wataalamu wachache. Lakini setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliachiwa angani mwaka 2018, na Taifa-1 ya Kenya ikafuata tarehe 15 Aprili 2023. Vijana watakaozihudumia setilaiti zijazo wamo madarasani sasa hivi, na wengi wao huanza kufikiri kwa Kiswahili. Twawaomba ndugu wafasiri wakumbuke jambo moja: kabla ya kuuliza neno fulani laitwaje kwa Kiswahili, waulize kwanza kitu hicho hufanya kazi gani. Aliye na pendekezo bora kuliko haya yetu na atuletee. Tutalipokea kwa shukrani, na kama litatushinda kwa hoja, tutayaacha ya kwetu.